Uzoefu wangu: kusafisha picha za kwenye kompyuta kwa printa ya kuchomeka kamera

Mama hapendi picha za kwenye simu. Ukimwonyesha, anatazama mara moja, anakurudishia simu yako, kisha anauliza, "Sasa hii utanisafishia lini, mwanangu?" Kwake picha ni kitu cha kushika mkononi na kutia kwenye albamu. Kwa hiyo nilipopata printa ndogo ya picha, ile inayochomekwa kamera moja kwa moja bila kompyuta, nilifurahi kwelikweli. Ila picha anazozililia mama hazikuwa kwenye kamera. Zilikuwa kwenye kompyuta: miaka na miaka ya picha nilizohamisha kutoka kamera za zamani, pamoja na picha chache za bibi, mama yake mama, ambazo niliziskani mwenyewe.

Nimeitumia printa hii hadi katriji nzima ikaisha, na naandika kwa sababu najua watu waliozitupa kabatini printa za aina hii wakidhani ni mbovu. Si mbovu. Zinataka kushikwa kwa njia yake.

Nianze na kinachonifanya niipende. Haitumii wino wa maji. Ndani ya katriji kuna utepe mwembamba wenye rangi tatu, njano, waridi iliyokoza na samawati, halafu sehemu ya nne isiyo na rangi. Kichwa cha printa kinapashwa moto, na joto hilo ndilo linalohamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi. Kila picha huingia na kutoka mara nne. Siku ya kwanza nilikaa nikaitazama. Bibi alitoka wa njano tupu, hafifu kiasi kwamba asiyemjua asingemtambua. Karatasi ikarudi ndani, ikatoka na wekundu wa jua linapozama. Safari ya tatu, samawati ilipoingia, ndipo mboni za macho zikawa nyeusi na mikunjo ya paji la uso ikaonekana mmoja mmoja. Safari ya nne rangi haibadiliki, unaona mng'ao tu ukishuka juu ya karatasi: ule ni utando wa kuikinga picha na maji na alama za vidole. Inachukua kama dakika moja, inatoka kavu, unaishika hapo hapo. Karatasi ni ya milimita 100 kwa 148, saizi ya postikadi, na ncha zake mbili unazivunja kwa mkono baada ya picha kutoka.

Sasa kwenye uchomekaji. Kamera yangu na printa hii ni za kampuni tofauti, na zilielewana mara moja. Hiyo ni kazi ya PictBridge, kiwango ambacho CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, kilikitoa mwaka 2003. Ukiona alama yake kwenye kamera na kwenye printa, zitaelewana. Unachomeka kebo ya USB kwenye tundu la mbele la printa, kioo cha kamera kinakuwa ndicho menyu yako: unachagua picha, idadi ya nakala, unabonyeza, basi.

Mimi nilidhani nikichomeka kompyuta, au hata flashi, kwenye tundu lile lile la mbele, mambo yatakuwa vilevile. Flashi iliingia vizuri na hakuna kilichotokea. Nilipoielewa USB ndipo nikaona kwa nini. Kwenye kebo ya USB lazima mmoja awe mwenyeji anayeendesha mazungumzo, mwingine ajibu. Kompyuta siku zote ni mwenyeji. Kamera hujibu. Na printa hii, kwenye tundu lake la mbele, nayo ni mwenyeji, tena aliyefundishwa kuzungumza na kamera tu. Kompyuta na printa kwenye tundu lile ni mafahali wawili, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa ajili ya kompyuta kuna tundu jingine nyuma, lile la karibu mraba kama la printa za kawaida, na hapo printa inakubali kuwa mtumishi.

Nikatafuta kebo yake, maana kwenye boksi haikuwemo. Hapo nikakutana na jambo lililoniumiza zaidi: draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa. Sidii iliyokuja na printa ilikuwa na draiva ya Windows XP, na kompyuta yangu ya Windows 10 haikuitaka kabisa. Kwenye tovuti ya mtengenezaji, modeli hii haikuwa tena kwenye orodha. Naona hili ni kosa kubwa kwao. Printa nzima kimwili, kichwa kinafanya kazi, karatasi na utepe bado vinapatikana, halafu mtu anaambiwa bila kuambiwa kwamba aitupe.

Rafiki yangu alikuwa na laptopu ya zamani, nikaiomba ili nijaribu. Draiva ikaingia, na picha ya kwanza ikatoka imesinyaa katikati ya karatasi na weupe mpana pembeni, kwa sababu programu ilikuwa imeachwa kwenye saizi ya A4. Ukifuata njia hii, weka kwanza saizi ya postikadi na chaguo la kuchapa bila ukingo, kwenye programu na kwenye draiva pia. Usikisie. Kwenye printa hizi kila jaribio linakula karatasi nzima na kipande kizima cha utepe, hata ukichapa nukta moja, na utepe haurudi nyuma.

Njia iliyonifaa ni nyingine: kuzirudisha picha kwenye kadi ya kamera, ili printa izione kana kwamba kamera ndiyo iliyozipiga. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza kwa kunakili tu, kamera iliniambia hakuna picha. Faili langu liliitwa "Bibi na mama wakubwa.jpg". Kumbe kamera zina utaratibu wao wa majina, unaoitwa DCF, nao ni mkali. Picha lazima zikae ndani ya folda ya DCIM, kwenye folda ndogo yenye tarakimu tatu kuanzia 100 na herufi tano. Faili lenyewe liwe na herufi nne, kisha tarakimu nne, kisha .JPG. Hakuna nafasi, hakuna jina refu.

Kiswahili kilinisaidia hapa kuliko nilivyotarajia. PICHA ni herufi tano, kwa hiyo folda yangu ikaitwa 100PICHA. MAMA ni herufi nne, BIBI pia nne. Nikawa na MAMA0001.JPG na BIBI0001.JPG, na kamera ikanionyesha moja tu. Namba hazitakiwi kujirudia ndani ya folda moja hata kama herufi za mbele ni tofauti. Nikambadilisha bibi kuwa BIBI0002, wote wawili wakatokea kiooni. Kama kamera yako ni ngumu zaidi ya yangu, piga picha moja ya kawaida, uone inavyoipa jina, uige hivyo hivyo.

Tumia kadi ya akiba, isiyo na kitu unachokipenda, na uiformati ndani ya kamera kwanza. Kuformati kunafuta kila kilichomo. Na fanya kazi na nakala. Picha halisi ziache zilipo kwenye kompyuta.

Jina likishakubalika, bado kuna faili lenyewe. Skana yangu ilikuwa imehifadhi picha za bibi kama TIFF, aina nyingine ya faili la picha, na kamera haikuzitambua mpaka nilipozigeuza kuwa JPEG. Picha nyingine, aliyonitumia binamu yangu baada ya kuipakua mtandaoni, ilikuwa JPEG na bado ikakataa. Tofauti ni kwamba kuna JPEG za kawaida, zinazosomwa mstari kwa mstari, na kuna zile zinazojitokeza taratibu, kwanza ukungu kisha wazi, ambazo hupendwa kwenye tovuti. Kamera hutoa za kawaida, na hizo ndizo inazozielewa. Nilifungua ile picha kwenye GIMP, programu ya bure, nikaihifadhi upya kwa kuondoa tiki kwenye Progressive, yaani hiyo ya kujitokeza taratibu. Ikaonekana. Rangi niliiacha sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi, ambao ndio printa ndogo kama hizi huutarajia.

Halafu kuna kukatwa. Hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwa sababu ndipo nilipoharibu picha ya mama. Kamera ndogo nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 148 kwa 100 ni ndefu zaidi ya hapo. Ukichapa bila ukingo, printa inaitanua picha mpaka ijae upande mrefu, na kinachozidi juu na chini, karibu sehemu moja ya kumi ya picha, kinakatwa. Mama alitoka na kitambaa chake cha kichwani kimenyolewa. Tangu hapo naikata mwenyewe kwenye kompyuta, pikseli 1748 kwa 1181, ambazo ndizo zinazojaza karatasi hiyo kwa nukta 300 kwa inchi, na naacha nafasi kidogo juu ya vichwa kwa sababu printa huvuka ukingo milimita chache kila upande.

Baada ya matayarisho hayo, kilichobaki kilikuwa raha tupu. Niliweka agizo ndani ya kamera kabla ya kuchomeka: bibi nakala 3, kwa ajili ya mama na dada zake wawili, nyingine moja moja. Kamera inaliandika agizo hilo kwenye kadi, kwa hiyo nilichomeka mara moja nikawa naongeza karatasi tu. Chaji betri ya kamera kwanza, isije ikazimika karatasi ikiwa katikati ya safari.

Ubora? Ngozi za watu ni nzuri mno, laini, bila vile vidoti vya printa za wino. Picha nyeusi na nyeupe ya bibi imetoka na ubaridi wa kijani kidogo kwenye vivuli, kwa kuwa weusi unatengenezwa kwa kuchanganya rangi zile tatu. Mama hakuuona, mimi nauona. Vumbi nalo ni adui: unyoya mmoja juu ya karatasi uliniachia alama nyeupe kwenye bega la mama mkubwa, nikalazimika kurudia. Futa trei, shika karatasi kwa kingo.

Jambo moja zaidi, tena la siri za watu. Utepe uliotumika unabaki na picha zako. Nilipoufungua na kuuelekeza kwenye mwanga nilimwona bibi, mama na watoto wote, rangi zimegeuzwa lakini sura zinatambulika kabisa. Usiutupe mzima. Mimi huukata vipande kwa mkasi.

Katriji ya 36 ilinipa picha 32 za kutia kwenye albamu, na zile 4 zilizoharibika nimezisimulia zote au karibu zote hapa juu. Nimeshaagiza nyingine. Mama amezipanga zake, ameacha kurasa mbili tupu kwa makusudi, na amenitajia kwa majina wanaotakiwa kuzijaza. Kwenye kadi nimefungua folda mpya, 101NDUGU, ina picha kumi na moja mpaka sasa.