Mashine ya santuri iliyoundwa Unguja: inapiga mpaka santuri za bibi

Asalaam alaykum watazamaji wangu, wa Unguja, wa Pemba na nyote mlio mbali. Hii hapa mezani. Tizameni mbao kwanza. Juu mvule mtupu, chini yake tabaka tatu za marini bodi, ile ile ya kuundia boti, na imeundwa hapa hapa Unguja kuanzia mguu mpaka mkono. Fundi mwenyewe kaomba nisimtaje mpaka amalize oda alizonazo, nami nimemkubalia.

Uzito, vipimo, soketi za nyuma, yote nimeyaandika chini ya video. Mie nataka twende kwenye nobu hii. Hii nyeusi, pembeni kulia. Kwa nobu hii peke yake ningewaita mje mtizame.

Mashine nyingi zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira zinazouzwa sasa zina miendo miwili tu, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na 45. Rega Planar 3, najua wengi mnaipenda na mna haki ya kuipenda, ndivyo ilivyo, na kubadilisha mwendo lazima uinue sahani, ile inayobeba santuri, uhamishe mkanda kwa mkono. Technics SL-1200MK7 ina 78. Nalisema mapema kabla hamjaniandikia. Tutamrudia Technics.

Sasa sikilizeni mota ya huyu inavyofanya kazi. Ni mota ya AC yenye ncha 24 za sumaku. Mota ya namna hii mwendo wake haufuati volti, unafuata hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Kwa hezi 50 inazunguka mara 250 kwa dakika. Puli yake ina kipenyo cha milimita 20, na mkanda unaizungusha sahani ndogo ya ndani yenye milimita 150. Piga hesabu: 250 mara 20, gawa kwa 150, unapata 33 na theluthi kamili. Ndiyo maana mtu akiletewa mashine ya mota hii kutoka Marekani, kwenye umeme wa hezi 60, akaichomeka hapa kwa transfoma, waimbaji wote wanakuwa wazee. Inaangukia chini ya mizunguko 28. Transfoma inageuza volti, hezi haiigusi. Watu wamebadilisha mkanda, wamebadilisha beringi, wamelaumu mafuta, kumbe tatizo ni puli iliyopimwa kwa hezi 60.

Fundi wetu hakuichomeka mota ukutani kabisa. Ndani mna betri ya volti 12, ampea-saa 7, ile ile ya UPS inayopatikana popote, na bodi inayotengeneza wimbi lake lenyewe. Nobu ndiyo inayobadilisha hezi. Chukua mzunguko unaoutaka, zidisha kwa moja na nusu, ndiyo hezi zake: 45 inataka 67.5, na 78 inataka 117. Na bodi inapandisha volti pamoja na hezi, jambo ambalo wengi wanaojiundia wanalisahau. Hezi zikipanda peke yake koili inabana umeme usipite, mota inakosa nguvu, mkanda unateleza, halafu unasikia sauti inalegea kila ngoma inapopigwa kwa nguvu.

Umeme ukikatika sahani haishtuki. Betri ikijaa unapata kama saa nne bila kuinyonya mpaka mwisho. Ila amplifaya yako nayo lazima iwe na umeme wake wa akiba, la sivyo sahani itazunguka kimya.

Haya, kwa nini nashughulika na 78? Kwa sababu ndizo santuri za kwetu. Siti binti Saad alirikodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, ile yenye mbwa anayesikiliza gramafoni kwenye lebo, na santuri za zama hizo ni za shelaki, ile gundi ya asili inayoganda ngumu, za 78. Zimo makabatini mpaka leo, watu wanazionea haya kwa sababu hawana cha kuzipigia. Na hiyo 78 haikuwa 78 kila mahali. Studio nyingine ilikata kwa 76, nyingine kwa 80. Mwaniambia mbili tu, ina nini? Kutoka 78 kwenda 80 sauti inapanda karibu robo toni. Kwa watu wa taarabu robo toni si kitu kidogo! Wimbo wenyewe haupotei, maana noti zote zinapanda pamoja, lakini ukikaa na udi wako upige na santuri, hamkutani. Unakaza nyuzi, unalegeza, bado. Nobu hii unaizungusha taratibu, kwa sehemu ya kumi ya hezi, mpaka santuri ije kwenye udi badala ya udi kuifuata santuri. Kwa Technics pia unaweza kuvuta mwendo juu na chini, ni kweli, lakini huyu anakuandikia hezi kwenye kioo, unaiandika kwenye bahasha ya santuri, kesho unarudi pale pale.

Tuifanye sasa, hatua kwa hatua, kamera isogee.

Kwanza natoa mkono wa LP, zile santuri ndefu za plastiki za 33. Mkono huu unachomoka mzima, unafungua pete hii ya shaba nusu mzunguko tu, na ninaweka wa pili wenye katriji, yaani kichwa chenye sindano, ya 78. Hii niliyofunga ni Audio-Technica VM95SP, sindano yake ni ya mviringo, mil 3, yaani elfu tatu za inchi. Sindano ya LP ina kama mil 0.7. Mfereji wa shelaki ni mpana, sindano nyembamba inazama mpaka chini, inakokota kwenye vumbi na kugongagonga kuta. Makelele mnayoyasikia mkisema "santuri imekufa", mara nyingi santuri ni nzima, sindano ndiyo siyo. Wala usiweke sindano ya chuma ya gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Ile iliundwa ipige upande mmoja itupwe.

Pili, mizani. Kizuizi cha pembeni, huu uzi wenye kijiwe unaozuia mkono usivutwe katikati, nauondoa kwanza. Nazungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, usilale wala usinyanyuke. Tizama, umekaa sawa kama ngalawa kwenye maji tuli. Halafu nausogeza mbele na kupima kwa mizani ya sonara. Katriji hii inataka gramu 5. Ndiyo, 5. Ya LP ilitaka 2, na watu wakiona 5 wanaogopa wanapunguza, kumbe sindano nyepesi mno inaruka ndani ya mfereji na kila ikitua inapiga kama nyundo. Sehemu ya kupimia iwe sawasawa na uso wa santuri. Ukipima chini zaidi au juu zaidi, hesabu inapotea.

Tatu, kimo. Na hapa fundi wangu kanikera. Santuri ya shelaki ni nene kuliko LP, kwa hiyo nguzo ya mkono lazima ipande kama milimita moja na nusu. Nguzo imeshikwa na skrubu moja. Moja! Ukiilegeza tu, nguzo inaporomoka, sindano inakuwa hatarini. Mashine ya bei hii ilistahili skrubu ya kupandishia taratibu. Mpaka atakapolibadilisha fanyeni hivi: kadi za benki zina unene wa milimita 0.76, panga mbili chini ya kola ya nguzo, legeza skrubu, acha kola ikae juu ya kadi, kaza. Umepata kimo chako. Wakati wa kurudi kwenye LP toa kadi. Sindano ivae kifuniko chake muda wote huo.

Nne, waya. Santuri za 78 ni za mono, na sauti yote iko kwenye mtikisiko wa kushoto na kulia. Mtikisiko wa juu na chini ni uchafu mtupu. Bonyeza mono kwenye amplifaya na uchafu huo unajifuta wenyewe, maana kwenye njia mbili unakuja kinyume. Sikilizeni tofauti... stirio... mono. Mmesikia? Hakuna chujio la kompyuta hapo. Jambo jingine, amplifaya inapunguza sauti kali kwa kipimo cha RIAA, kilichokuja miaka ya 1950 kwa ajili ya LP. Santuri za zamani hazikuongezwa sauti kali kwa kipimo hicho, kwa hiyo zitatoka zimefunikwa. Pandisha treble bila hofu.

Tano, sahani. Ina unene wa sentimita 2 za alumini, inakaribia kilo 4, kuifikisha 78 mota inahangaika. Isukume kidogo kwa kidole ukiwasha. Usiiache mota peke yake, utaukata mkanda kabla ya wakati. Kuna wanaouliza kama mshipi wa kuvulia unafaa badala ya mkanda wa mpira. Unazungusha, lakini fundo lake linapita kwenye puli kila mzunguko, tik, tik, tik. Nunua mikanda miwili ya mpira, wa akiba uwe ndani ya mfuko wenye poda ya watoto, mbali na mafuta na jua.

Na mwendo msipime kwa macho tu. Tumieni karatasi ya mistari, inawekwa juu ya sahani chini ya taa ya umeme, na mwendo ukiwa sawa mistari inaonekana imesimama. Kwa umeme wa hezi 50 iwe na mistari 180 kwa 33, na 77 kwa 78. Karatasi nyingi za intaneti ni za Marekani, zina 216, mtatafuta kosa lisilokuwepo. Taa za LED nazo nyingine hazipepesi, mistari haisimami.

Sasa mkono wenyewe. Mwanzoni niliuona mpingo huu ni urembo, wa kupendezesha picha. Nimebadilika. Mpingo ni mzito na umejaa mafuta yake ya asili, masika hauvimbi kama mbao nyingine, ndiyo maana wanauchongea klarineti. Kuutoboa sentimita 23 kwa urefu haiwezekani vizuri, keekee inapinda, kwa hiyo fundi kachonga nusu mbili zenye mfereji akazibandika kwa epoksi. Gundi kwenye mpingo hubanduka kama hukufuta mafuta kwa asetoni papo hapo kabla ya kubandika. Hizi hazijabanduka, nimezikagua kwa lenzi.

Uzito wake unaofanya kazi, yaani ule ambao sindano inauhisi ikiusogeza mkono, ni gramu 12. Hapo pana hesabu inayowahusu sana wa Mji Mkongwe. Kwa mfano Ortofon 2M Red ina gramu 7.2, na skrubu tuseme 0.8, jumla 20 pamoja na mkono. Ulaini wa sindano yake, yaani inavyonyumbulika, ni 20. Zidisha, 400, kipeuo chake cha pili 20, gawa 159 kwa 20, unapata karibu hezi 8. Hapo ndipo mkono unapotikisika wenyewe, na inatakiwa iwe kati ya 8 na 12. Hii imesimama ukingoni. Ghorofa za Mji Mkongwe zimelala juu ya boriti, mtu akitembea sakafu inacheza kwa mwendo wa chini, na ukikutana na ule wa mkono, sindano inaruka. Kwa nyumba kama hiyo chagueni katriji ngumu kidogo, na mashine msiiweke juu ya meza. Ifungieni rafu ukutani. Ukuta ni wa mawe na chokaa, chokaa ni laini, plagi fupi ya skrubu inang'oka. Tafuteni jiwe, tieni skrubu ndefu. Kidaka cha ukutani kingefaa kwa uthabiti, lakini vingi ni vidogo, mashine haiingii. Nyie wa Michenzani sakafu ya zege imewatosha.

Kero ya pili, haina kifuniko. Hewa ya chumvi, vumbi la chokaa, na mashine iko uchi! Beringi yake ni chuma cha pua ndani ya shaba, haitapata kutu haraka, lakini sindano na waya za katriji zitateseka. Shonesheni kifuniko cha kitambaa kizito. Na kwenye beringi msitie mafuta ya kupikia, yanageuka gundi.

Bei. Shilingi milioni 3 na laki 8 na mkono mmoja, mkono wa pili laki 4 na nusu, na unasubiri kama miezi mitatu. Kama una LP tu, na mara moja moja unataka 45, Technics inakutosha, na ina nguvu ya kuanza ambayo huyu hana. Mwenye sanduku la shelaki nyumbani, huyu ndiye wake. Kifuniko na skrubu ya kimo nimeshamwambia fundi, akirekebisha nitaileta tena hapa.

Wa Pemba mlioomba video ya kuosha santuri zenye kuvu, inatoka wiki ijayo. Kwa sasa shikeni moja tu: spiriti kwenye LP kidogo sawa, kwenye shelaki kamwe, inayeyusha santuri yenyewe. Maji safi yaliyochujwa na tone la sabuni, lebo isilowe, basi.

Upande huu umekwisha, inchi 10 ni kama dakika tatu tu. Nanyanyua mkono kwanza, ndipo nasimamisha sahani. Naigeuza. Nobu ipo 117.6, udi umeshakaa sawa. Sikilizeni fidla inavyoingia.