Skana ya Elfu Thelathini na Gari Linalogoma Kuwaka Likipata Moto

Wadau, karibuni tena. Leo boksi sifungui mbele yenu, nimeshalitupa. Kifaa chenyewe hiki hapa: skana ya kusoma kompyuta ya gari, ELM327 ya bluetooth, hii ndogo ya bluu iliyojaa Kariakoo. Nimeinunua elfu thelathini. Unaichomeka kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, unaiunganisha na simu, unasoma kodi za hitilafu, unazifuta. Hayo mnayajua, hatukai hapo.

Mimi nimeipendea kitu kimoja tu: inaonyesha injini inavyofanya kazi papo hapo, namba zikiwa zinatembea. Na leo nina gari la kuwaonyesha kwa nini.

Hili Toyota IST nyuma yangu, injini ya 1NZ, ni la dada yetu mmoja mtazamaji. Asubuhi linawaka bila shida. Akifika mjini, akalizima, akaingia dukani robo saa, akirudi stata inazunguka weee, gari haliwaki. Likipoa, linawaka lenyewe. Limeshabadilishwa plagi, likabadilishwa betri, likabadilishwa pampu ya mafuta. Kila fundi na dawa yake, na hakuna hata mmoja aliyepima. Jamani, hii inaniuma. Hela ya mtu imetoka kwa kubahatisha, na ugonjwa uko palepale.

Sasa sogeeni. Gari nimeliendesha hadi limepata moto, nimelizima, boneti nimeifunga makusudi. Injini ikizimwa maji hayazunguki, feni imesimama, upepo hakuna, kwa hiyo joto la chuma lote linapanda na kubaki humo ndani. Sensa zilizo jirani na injini zinapata moto kuliko zilivyokuwa barabarani. Ndiyo maana gari linakugomea ukishaegesha, wakati njiani lilikuwa linakwenda tu.

Swichi iko ON. Taa ya injini haina kesi, kodi hakuna. Fundi wa haraka angeishia hapo, akasema kompyuta haioni tatizo. Sisi tunaangalia namba tatu.

Ya kwanza, joto la maji: nyuzi 94. Sawa kabisa. Ingesoma 20 wakati injini inaunguza mkono, au ikasoma hasi 40, tungejua sensa ya joto inaidanganya kompyuta kwamba injini ni ya baridi, na nozeli zinamwaga mafuta mengi hadi plagi zinalowa. Ukikutana na hiyo, kanyaga mafuta mpaka chini ukipiga stata. Magari mengi yatapunguza au kukata mafuta, na likiwaka umepata fununu.

Ya pili, volti. Napiga stata... 10.6. Betri na stata hazina neno. Ingeshuka chini ya 9.6 na stata ikawa inazunguka kwa uchovu, tungeanzia kwenye betri, nyaya na stata.

Ya tatu ndiyo niliyowaitia. Mizunguko ya injini. Kamera ije hapa kwenye simu. Napiga stata tena, sikilizeni, injini inazunguka vizuri... na simu inasema sifuri. Sifuri! Rudia... sifuri. Injini inazunguka na kompyuta haijui. Kama haijui, haitoi moto kwenye plagi wala haifungui nozeli. Hata ungefunga pampu mpya kumi.

Hiyo ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ipo chini upande wa mkanda, karibu na puli. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba. Ukizeeka, joto linauachanisha, ukipoa unagusana tena. Nachomoa soketi, naweka mita. Kwa injini hii, sensa ikiwa ya moto inatakiwa kusoma ohm 1265 hadi 1890. Hii haisomi chochote, imekatika. Sasa kitambaa kilicholowa maji, naibana nacho kidogo... mita hiyo, 1400! Narudisha soketi, nawasha... mizunguko 220, 240, limewaka! Mmeona? Hapo hakuna ubishi. Dada, unanunua sensa, na uangalie na soketi yake kama haina mafuta au waya uliochubuka.

Sasa nisiisifie kupita kiasi. Presha ya mafuta kwenye gari hili skana haioni. Kama mizunguko ingesoma vizuri na bado haliwaki, ningefunga geji: 1NZ inataka kilopaskali 304 hadi 343, na ukizima ibaki 147 au zaidi kwa dakika tano. Ikiporomoka haraka, nozeli au valvu ya pampu inavuja. Pia hizi za bei rahisi, volti ikishuka wakati wa stata, nyingine zinakata mawasiliano. Hapo usihukumu sensa kwa sifuri ya skana iliyozimika. Hakikisha joto la maji bado linasoma. Na usiiache imechomekwa usiku kucha, ile soketi ina umeme muda wote, betri itaisha.

Mnaniuliza kila siku kuhusu skana kubwa za Launch na Autel. Ni mashine nzuri, zinaingia breki za ABS, mkoba wa hewa, kila kitu. Kama una gereji, nunua, zitarudisha hela. Mwenye gari moja nyumbani simwambii atoe laki kadhaa. Video ya kulinganisha inakuja, nimeshaazima moja, kwa hiyo bonyeza kengele.

Ila hapa niwe mkali. Skana hizi zinaongea na kompyuta ya gari kwa lugha inayoitwa OBD2, na Marekani iliilazimisha kuanzia modeli za 1996. Magari mengi ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, tunayoyaendesha sisi, hayafuati lugha hiyo kikamilifu. Hili IST liligoma kuunganishwa hadi nilipochagua Toyota ya Japani kwenye programu ya Car Scanner. Kwa hiyo ukitaka kununua hii ndogo, usiibebe tu: nenda na gari lako dukani, ichomeke palepale, piga stata, uone mizunguko ikipanda kwenye simu. Isipopanda na gari linawaka, mrudishie muuzaji, jaribu nyingine.