Mishale niliyoichagua kwa upinde wa paundi 40

Upinde wangu ni wa kompaundi, yaani wenye magurudumu (kamu) kwenye ncha zake. Nguvu ya kuuvuta nimeiweka kwenye paundi 40, karibu kilo 18, na urefu ninaouvuta ugwe ni mfupi, inchi 26. Mabega yangu yanaridhika hapo na sioni sababu ya kuyalazimisha. Mazoezi nafanyia Nairobi, lakini mawindo yenyewe ni Afrika Kusini, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha mwaka 1977. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanunua mishale ya kuwindia akidhani ataitumia Kajiado.

Niliyonunua ni ya kaboni, spaini 500, urefu wa inchi 27. Spaini ni kipimo cha ugumu wa ufito: ufito wa inchi 29 hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, ukaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, kisha hutazamwa umepinda kiasi gani. 500 ni nusu inchi. Namba ikipanda, ufito ni laini zaidi. Duka moja lilikazana kuniuzia 300 kwa hoja kwamba ni imara. Ni imara kweli, ila ni ya mtu anayevuta paundi 70. Kwa upinde mwepesi mshale huo ni mgumu mno, na ukishafungwa chembe chenye makali, yaani kichwa cha kuwindia, unaanza kuyumba pembeni. Mshale unaofika ukiwa umekaa upande hupoteza nguvu ileile ndogo tuliyo nayo.

Jambo ninalolishikilia zaidi ni uzito. Wengi wenye upinde mwepesi hutafuta mshale mwepesi ili upate kasi, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Wangu, ukiwa kamili, una greni 420, yaani gramu 27 hivi. Watengenezaji wengi wa pinde huweka kiwango cha chini cha greni 5 kwa kila paundi ya mvuto. Kwangu ingekuwa 200, na mshale wa aina hiyo siutaki hata bure. Nguvu ambayo mshale haukuibeba hubaki ndani ya upinde, ikatikisa kamu na kuchosha ugwe, na mlio wake ni mkubwa. Sauti husafiri zaidi ya mita 340 kwa sekunde, ilhali mshale wangu nakadiria unakwenda mita 60 hivi. Swala pala husikia kwanza. Mshale mzito unachelewa kidogo, lakini unatoka kimya, na ukigusa mbavu hausimami upesi.

Uzito huo nimeuelekeza mbele: kipachiko cha shaba (kipande kinachoshikilia chembe kwenye ufito) cha greni 50 na chembe cha greni 125. Kupima nilitumia mizani ndogo ya sonara, za aina hiyo River Road hazikosekani. Gramu moja ni greni 15.43, hesabu ni rahisi. Mishale yote ilikaribiana sana, na kwa hilo naipa pakiti hii alama za juu.

Vyembe nilichagua vya makali mawili yasiyokunjuka. Vile vinavyofunguka vikigonga mnyama vinatumia sehemu ya nguvu kujifungua, na mwenye paundi 40 hana ya kugawa. Kabla ya kukitumia, chembe lazima kinyoe nywele za mkono. Mnyama anastahili kufa haraka, kwa hiyo mimi hupiga akiwa ameonyesha ubavu tu, ndani ya mita 20, na akigeuka naachia ugwe urudi polepole.

Shabaha ya mazoezi nimeijaza matambara ya mitumba kutoka Gikomba, nikayashindilia kwenye gunia. Inafaa kwa ncha za mazoezi. Vyembe vya makali vipigie povu gumu, la sivyo vitaichana gunia na kukwama humo.

Kasoro niliyoiona ni gundi ya manyoya ya plastiki, ilibanduka mapema kwenye mishale kadhaa nikaibandika upya. Ufito wenyewe haujanisumbua. Hata hivyo, kila mshale ukigonga kitu kigumu, ushike ncha zote mbili, ukunje kidogo huku ukiuzungusha, na usikilize. Ukilia hata kidogo, uvunje papo hapo: kaboni iliyopasuka hupasukia mkononi ugwe unapoachiwa.