TAHADHARI wana Mwanza: ajenti wa "meli ya visiwa vya Shelisheli" katupiga milioni 12 na laki 9

Jamani wa Mwanza na kanda ya ziwa yote, Bukoba, Musoma, Geita, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anajiita ajenti wa utalii anauza safari ya wiki nzima ya meli kuzunguka visiwa vya Shelisheli, sisi kina mama kumi na moja wa kikoba kimoja katulamba 12,980,000, na mimi ninayeandika ndiye niliyemleta kikobani, kwa hiyo matusi yenu pumzikeni tu, yote nimeshayasikia nyumbani.

Sisi tunauza dagaa Mwaloni Kirumba. Meli tunaziona kila siku, hakuna ambaye hajapanda MV Victoria kwenda Bukoba au kivuko cha Kamanga, ila kupanda meli kwa starehe tu, bila gunia la dagaa miguuni na bila kuwaza bei itakuwaje huko uendako, hiyo hatujawahi. Desemba tulipovunja kikoba tukasema safari hii hakuna vitenge vya sare, tunaenda kula upepo. Mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mayu, alisema twendeni kisiwa cha Saanane tu hapo kwa elfu kadhaa, turudi jioni tupike. Tukamcheka. Mayu nisamehe.

Jamaa alikuwa na ofisi ya meza moja ghorofani mjini kati, ramani ya dunia ukutani, feni, na kalenda ya meli nyeupe ya ghorofa kama kumi na nne hivi. Mpole huyo! Anakupokea "shikamoo mama yangu mzazi", anakuletea soda. Bei akasema milioni 3 na laki 2 kwa kichwa, ndani yake ndege kwenda na kurudi, meli, chakula mara tatu kwa siku na mpiga picha. Tanguliza 950,000, zilizobaki mnamalizia mwezi mmoja kabla ya safari. Wiki iliyofuata akapiga simu kwamba visa zinataka haraka, 230,000 kila mmoja, na pasipoti tumpe azipeleke Dar. Watatu wakampa.

Sasa hapa ndipo najichukia. Wakati wa kulipa alitupa lipa namba, ukiingiza jina linatokea la duka la spea za pikipiki. Nikamuuliza, akacheka, "mama yangu ya ofisi iko kwenye matengenezo, hiyo ni ya mdogo wangu". Nikabonyeza moja kukubali. Mimi huyu ambaye mtu akinipunja robo sado ya dagaa namfuata mpaka getini.

Aliyetufumbua macho ni shemeji yangu, baharia kwenye vivuko, alikuja kula sangara Jumapili nikamwonyesha ratiba nikijidai. Akaisoma, akaacha kutafuna. "Shemeji, hii Aldabra mmeiona iko wapi?" Ratiba ilisema siku ya pili Praslin, ya tatu La Digue, ya nne Aldabra kuona kobe wakubwa, ya tano jioni mko Mahe kwenye ngoma. Akafungua ramani kwenye simu. Praslin kweli ni jirani, boti ya abiria kutoka Mahe ni kama saa moja, na kutoka Praslin kwenda La Digue ni kama robo saa tu, hizo unazimaliza vizuri ndani ya wiki. Lakini Aldabra iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahe, yaani ni kama kutoka hapa Mwanza mpaka Dar, tena majini! Shemeji akapiga hesabu mezani kwa kidole, meli ikitembea noti 12 ni kilomita kama 22 kwa saa, hapo ni siku mbili usiku na mchana kwenda tu bila kusimama. Huyu jamaa kaimaliza kwa siku moja. Na hata ukifika hushuki kama unashuka Kamanga, Aldabra ni hifadhi, iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1982, kuna taasisi inayoisimamia na lazima uwe na kibali chao. Kobe wapo kweli, zaidi ya laki moja, kwa hilo hakudanganya.

Nikaanza kutetemeka. Shemeji akaendelea, maana akishaanza hakomi. Ile meli ya kwenye kalenda tuliambiwa inafunga gati La Digue. La Digue ni kisiwa cha kama kilomita za mraba 10, watu wanazunguka kwa baiskeli, gati lake ni la boti. MV Mwanza yetu hii tunayotamba nayo inabeba watu 1,200, ile ya kwenye kalenda ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa, inafunga wapi? Wengi wanaozunguka visiwa vile vya ndani kwa kulala majini wanatumia katamarani, zile boti zenye matumbo mawili, watu wachache wachache, na bei zake ukiziangalia unajua milioni 3 na ndege humo humo ni hadithi ya sungura na fisi.

Halafu safari yenyewe ilikuwa mwezi wa saba. Jamaa alituapia Julai bahari imelala kama maziwa kwenye kikombe. Julai ni kusi! Kule upepo wa kusi unavuma kuanzia kama Mei na unakaza Julai na Agosti, mawimbi yanakuwa makubwa. Bahari inatulia zaidi Aprili na kama Oktoba, Novemba hivi, pepo zinapobadilishana. Mtu anayeuza safari za bahari hajui kusi na kaskazi, si ni sawa na muuza dagaa asiyejua giza la mwezi?

Ila kilichoniuma zaidi ni visa. Shelisheli haimdai Mtanzania visa. Hakuna. Kuna fomu ya ruhusa ya kuingia unajaza mwenyewe mtandaoni kabla hujapanda ndege, unaonyesha tiketi ya kurudi na mahali utakapolala, basi. Pasipoti haitakiwi kupelekwa Dar wala popote. Yaani 2,530,000 tumelipia kitu ambacho hakipo duniani.

Nikampigia ajenti kesho yake asubuhi, akanitumia "tiketi" kumtuliza mama yake mzazi. Ina majina yetu na ile namba ya buking ya herufi sita, nikapumua. Binti yangu akaiangalia akauliza namba ya tiketi yenyewe iko wapi, ile ya tarakimu 13, kumbe buking mtu anaweza kushikilia tu bila kulipa na inajifuta yenyewe. Tukaingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, buking imeshafutwa. Mchana akaniblok. Ofisini tukakuta fundi anapaka rangi, kalenda imeondoka, feni imebaki (ya mwenye nyumba).

Ahadi nyingine siisahau, kila mama angerudi na nazi ya bahari ya Praslin, ile kubwa ya bonde la Vallée de Mai. Umbo lake sielezi, humu kuna watoto. Nazi hiyo inalindwa kisheria, hutoki nayo bila kibali, na moja inaweza kupita kilo 15. Kumi na moja! Ndege gani hiyo.

Tulichofanya mpaka sasa, tumeripoti polisi tumepewa RB, mtandao wa simu walisema hela ilitolewa siku ile ile, na namba zake tumezituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. BRELA, wanaosajili kampuni, tulitafuta jina la kampuni lililoko kwenye risiti, halipo, kazi ya dakika tano na bando la mia tano ambayo tungeifanya Desemba. Leseni ya TALA hatukumuuliza kabisa, mimi hata nilikuwa sijui kwamba ajenti wa utalii anatakiwa kuwa nayo.

Naandika leo kwa sababu mwenzetu wa Musoma ametumiwa tangazo na namba mpya, meli ni ile ile ya kalenda, safari hii anauza Komoro, Mei, na maneno ni yale yale, "mama yangu mzazi". Kama una ndugu kwenye kikoba au kwaya huko mtumie hii usiku huu huu. Na zile pasipoti tatu bado anazo, mojawapo ni ya Mayu, aliikata kwa 150,000 kwa ajili ya safari hii tu. Ukiziona popote, kwenye gesti, kwa fundi simu, zimetupwa stendi, zipeleke kituo chochote cha polisi, hatutakuuliza umezipata wapi.