DLP, LCD tatu na LCoS: nimezitumia zote, maoni yangu haya hapa

Wengi wakitafuta projekta wanauliza lumeni tu (kipimo cha mwanga), ila mi naona swali la kwanza liwe picha inatengenezwaje humo ndani (DLP, LCD tatu na LCoS ni njia tatu za kuitengeneza), maana hapo ndo utajua rangi zitakuwaje na macho yatachoka au la.

DLP ya chipu moja ndo nimekaa nayo zaidi. Ile chipu ni ya Texas Instruments, Larry Hornbeck aliivumbua 1987, imejaa vioo vidogo mno, kila kioo ni piksel moja (nukta moja ya picha) na kinainama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde, kikielekea kwenye lenzi panawaka, kikigeukia pembeni panakuwa peusi, na kikigawa muda wake kati ya pande hizo mbili unapata kijivu. Rangi sasa zinakuja kwa zamu, gurudumu lenye vipande vya rangi linazungusha nyekundu, kijani, bluu, kuzichanganya ni kazi ya ubongo wako. Picha iko shapu balaa, maandishi madogo yanasomeka mpaka kwenye kona. Tatizo ni ile michirizi ya rangi ukihamisha macho haraka, wengine hawaioni kabisa, mimi naiona sana kwenye yale majina meupe mwisho wa muvi, na kichwa kinauma kweli. Jaribu kabla hujanunua: tanua vidole, punga mkono haraka kwenye mwanga, kivuli kikitoa kingo nyekundu, kijani na bluu basi ndo hiyo yenye michirizi. DLP za kumbi za sinema zinatumia chipu tatu, moja kwa kila rangi, kwa hiyo hazina shida hii.

Za LCD tatu, kama nyingi za Epson, mwanga unagawanywa rangi tatu, kila rangi inapita kwenye paneli yake (kioo kidogo cha LCD kinachopitisha au kuzuia mwanga) halafu prizimu inaziunganisha. Rangi zote zinatoka pamoja, michirizi hakuna, na rangi zinawaka sawa na nyeupe, wakati DLP nyingi za ofisini wanaongeza kipande kisicho na rangi kwenye gurudumu, nyeupe inang'aa ila njano inafifia vibaya. Kwa darasa lenye mwanga mimi nachukua hizi bila kufikiria mara mbili. Nyeusi yake lakini ni kijivu kijivu, na usiposafisha filta, vumbi likitua kwenye paneli unapata doa la rangi moja kwenye picha.

LCoS (Sony wanaita SXRD, JVC wanaita D-ILA) mwanga haupiti kwenye paneli, unaakisiwa, nyaya ziko nyuma kwa hiyo mapengo ya piksel karibu hayaonekani hata ukisogea. Nyeusi yake tamu sana kwenye chumba cha giza, bei tu ndo kali.

Vile viprojekta vidogo vya bei chee vingi vina paneli moja ya LCD na taa ya LED, boksi limeandikwa 1080p (piksel 1920 kwa 1080) kumbe inapokea tu hiyo video, paneli yenyewe mara nyingi ni piksel 854 kwa 480 tu. Muulize muuzaji risolusheni (idadi ya piksel) ya paneli yenyewe, akizungukazunguka achana nayo.