Tonado ya Dunia au chamchela ya Mirihi: ipi kali zaidi?

Swali la kama tonado ya Dunia ni kali kuliko ya angani hurudi kila mara, na huanza na kosa: kwamba tonado huvuma hata katika anga tupu kati ya sayari. Hapana. Upepo ni hewa inayotembea, na huko hewa ya kuvuma hakuna. Tulinganishe basi na sayari yenye hewa yake, Mirihi.

Kwa urefu Mirihi inashinda: Machi 2012 chombo cha NASA kilipiga picha ya chamchela iliyopanda kama kilomita 20. Upana wake, hata hivyo, ulikuwa mita 70 hivi. Tonado ya El Reno, Oklahoma, Marekani, Mei 31, 2013, ilifikia upana wa kilomita 4.2.

Kwa nguvu, Dunia iko mbali mbele. Kanieneo (msukumo) ya hewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya ile yetu, hivyo upepo wa kasi ileile husukuma kidogo sana. Tonado huzaliwa na mawingu ya radi, hung'oa nyumba. Chamchela huzaliwa na joto la ardhi. Mwaka 2005 upepo wa namna hiyo uliifutia vumbi sola ya Spirit, gari la NASA la kuchunguza Mirihi, likapata umeme zaidi. Tukio hilo hunifurahisha mpaka leo.

Anayetafuta urefu atazame Mirihi. Mwenye ndugu Oklahoma amuulize kama anajua handaki la karibu liko wapi.