Salfa ya maji kwenye miche yangu ya epo, uzoefu wangu

Nina miche minne ya epo (tufaha) nyuma ya nyumba hapa Njombe, aina ya Anna, ina mwaka na nusu. Mwezi wa tisa ilipochipua majani ya juu yakatoka membamba yamejikunja, juu kama yamemwagiwa sembe. Nikachuma moja nikaenda nalo duka la pembejeo, jamaa hata hakuligeuza, akanipa dawa ya wadudu, nikapiga mara mbili, hela imeenda na unga uko palepale. Iliniuma sana maana ukilifuta lile jani kwa kidole unga unatoka na mdudu humuoni hata mmoja, sasa dawa ya wadudu ya nini? Ule ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu (fangasi) na siyo wadudu, ndugu wa ule wa kwenye mikorosho kule Mtwara.

Basi nikanunua salfa ya maji, yaani unga wa salfa wa kuchanganya na maji, ile ya asilimia 80. Lebo ya yangu inasema gramu 40 kwa bomba la kupulizia la lita 16. Koroga kwanza kwenye kopo mpaka mabonge yaishe, chuja ndo umimine, na bomba utikise kila mara kwa sababu inatuama chini halafu nozeli inaziba. Napiga asubuhi umande ukishakauka, nguo ndefu na barakoa, harufu yake hairuhusu mchezo. Kwenye joto la nyuzi 30 kwenda juu usipige, inaunguza majani.

Niseme ukweli, majani yaliyokwisha kuugua hayaponi, yalibaki yamekunjamana vilevile. Inachofanya ni kulinda yanayokuja, kwa hiyo narudia kila baada ya siku 10 au zaidi kidogo wakati mti unachipua. Na bila mkasi utapiga mwaka mzima, huu ugonjwa unajificha ndani ya machipukizi ya ncha halafu msimu ujao unaanza nao tena. Nilikata kila ncha nyeupe mpaka kwenye kijiti kisafi nikachoma moto, na baada ya kupiga mara ya pili majani mapya yakatoka mapana, ya kijani, yanang'aa, nilifurahi jamani.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa sababu ya nozeli. Mche wa nne uliougua zaidi nimeukata karibu nusu, wiki hii umetoa vichipukizi viwili, mpaka sasa havina unga.